Peugeot ya Arusi: Kwenda Kolwezi kwa Magurudumu au Mgongoni mwa Kamyo

Mama Léa Mwape, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, wa komuni Annexe hapa Lubumbashi, anasimulia kwamba Jumatano ya wiki iliyopita aliona motokari ikiisalimia nyumba ya marehemu bwana wake.

Anasema jua lilikuwa limeshapanda. Kamyo ilipita polepole mbele ya magunia yake, na mgongoni ilibeba Peugeot 404 nyeupe ya marehemu Papa Alexis Kalaba, ile ambayo mtaa mzima unaijua. Ndani hamkuwa na mtu. Kioo cha mbele, boneti na paa vilifunikwa kwa matawi mabichi. Kamyo ilipofika usawa wa geti la marehemu, Peugeot ikapiga honi. Ikanyamaza. Ikapiga tena.

"Muntu ndani hakukuwa," anasema Mama Léa, huku akipima makala kwenye ndoo bila kuitazama. "Miye niko mukristu, sisemaka bongo. Ni kweli tupu, honi ililia yenyewe."

Mjini hapa matawi mabichi juu ya motokari hayana maana mbili. Ni kilio. Wanaompeleka maiti makaburini huyafunga mbele na juu, na kila anayekutana nao njiani husimama.

Basi Mama Léa akavua kitambaa cha kichwa, akakaza kitenge kiunoni, akapiga yowe. Katika nyumba ya Papa Alexis anaishi mtu mmoja tu, mjane wake, Mama Agnès Lombe, mwenye miaka sabini na moja. Kama motokari ya nyumba hiyo imefungwa matawi, jina la marehemu halikuhitaji kuulizwa.

Kabla bukari ya mchana haijasongwa, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ukutani. Vijana walishaweka mawe barabarani ili motokari nyingine zisipite kwenye msiba. Wanawake walikaa chini mbele ya geti, wakilia kwa zamu.

Ndipo Mama Agnès akatokea kutoka sokoni, kikapu cha mboga za lengalenga kichwani. Aliona watu, akatua kikapu, akaanza kulia na yeye. Alilia vizuri sana, wanasema majirani, kabla ya kumwinamia Mama Léa na kumwuliza ni nani aliyekufa.

"Ni weye, Mama," akajibu Mama Léa.

Mtaa unacheka mpaka leo. Mtu mmoja tu hacheki sana. Ni Ruben Chilufya, fundi wa motokari, kwa kuwa matawi yale aliyafunga yeye.

Alhamisi hii, saa kumi na mbili asubuhi, Ruben yuko chali chini ya Peugeot hiyo hiyo, katika ua wa Mama Agnès. Miguu yake tu ndiyo inayoonekana. Anavuta kipande cha kartoni alichokitandika chini ya injini jana jioni, anatoka nacho, anakigeuza kwenye mwanga.

Kartoni ina tone moja jeusi, kubwa kama sarafu, upande wa kushoto. Ruben analigusa, analisugua kati ya vidole, anainusa mikono yake. Kisha anaitazama sehemu iliyobaki ya kartoni kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama lile tone. Ni kavu.

"Motokari ya zamani inatokaka jasho," anasema. "Ile haiko mubaya. Mubaya ni jasho yenye inahama. Leo inatoka huku, kesho kule. Hii ingali pale pale."

Ndivyo anavyofanya kazi tangu ujana. Motokari haiondoki kwake kabla haijalala juu ya kartoni. Wateja wenye haraka humcheka, wanamwambia anaweka nepi. Yeye huwaacha wacheke, anatandika.

Leo kartoni ina uzito zaidi kuliko siku zote. Jumamosi, huko Kolwezi, Exaucée Kalaba anaolewa. Ni mjukuu wa Papa Alexis, na katika ukoo huo hakuna binti aliyekwenda kanisani kwa motokari nyingine. Shangazi zake wote walishuka kutoka Peugeot hiyo. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita mia tatu, kupitia Likasi na Fungurume, katikati ya makamyo ya madini.

Swali lilikuwa moja: iende kwa magurudumu yake, au ibebwe?

Mama Agnès alimwachia Ruben jibu. Watoto wake walipiga simu, kila mmoja na neno lake, naye akachoka kuwasikiliza. Alimwita fundi, akamwonyesha motokari kwa kidevu. Alimwambia: "Weye njo unaijua. Sema, na sisi tutafuata."

Neno hilo ni heshima, lakini ni mzigo pia. Peugeot ikifa pembeni ya barabara huko Fungurume, hakuna atakayesema ilikuwa imezeeka. Watasema Ruben Chilufya aliiua, na arusi ya mtoto wa watu pamoja nayo. Fundi mwenye jina la hivyo anaweza kufungasha spana zake akaenda kulima mihogo.

Ruben ana miaka arobaini na saba. Alimaliza shule ya msingi, akaingia karakana ya mjomba wake, na hakutoka tena. Wakati huo mitaa ya Lubumbashi ilijaa Peugeot. Siku hizi wengi wanaendesha motokari zinazotoka ng'ambo ya bahari, zenye kompyuta ndani, na vijana wanaozitengeneza hawachafuki mikono. Motokari za zamani alizobaki nazo Ruben hazifiki kumi. Wiki nzuri humletea franga laki moja. Wiki mbaya, mke wake Kasonde anasema, humletea yeye mwenyewe tu, na njaa yake.

Papa Alexis alikuwa mteja wake wa kwanza. Mzee huyo, aliyezaliwa kaskazini ya Katanga, alikuwa dereva wa treni. Aliinunua Peugeot kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, akaiendesha kama treni: taratibu, kwa saa zake, bila kupiga kona za ghafla. Alipofariki miaka minne iliyopita, motokari ilitangulia mbele ya jeneza, Ruben akiwa kwenye usukani na Mama Agnès kando yake. Tangu siku hiyo mjane hajaingia tena ndani. Huifuta vumbi kwa nje, kila Jumamosi, mpaka vishikio vya milango vinang'aa.

Mwanzoni Ruben mwenyewe alielekea kuchagua kamyo. Hasemi vinginevyo. Alihofia kioo cha mbele, ambacho kikipasuliwa na jiwe hakipatikani tena, hata kwa maombi. Alihofia vilima vya karibu na Likasi. Akaenda kwa Dieumerci Mukuka, kijana mwenye kamyo ya kubebea matofali, wakaelewana wafanye kwanza jaribio: waipandishe Peugeot, waifunge, waizungushe mitaa michache, waone inavyokaa.

Dieumerci alikuwa na hakika. Alisema mzee hatembei safari ndefu, mzee hupandishwa. Ruben akakata matawi ya mti wa jirani, akayafunga juu ya kioo na boneti, kokoto zisidonoe. Kichwa chake kilikuwa kwenye kioo tu. Hakufikiria jinsi itakavyoonekana kwa mtu anayesimama kando ya barabara.

Na ile honi? Ruben anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Waya wa honi unapita kwenye mti wa usukani, na ganda lake lilikuwa limechakaa. Kamyo ilipoingia kwenye shimo lililo mbele ya geti, usukani ukatikisika, waya ukagusa chuma. Likafuata shimo la pili.

"Haiko bulozi," anasema. "Ni waya. Nilisha kuifunga. Lakini Mama Léa hataki waya, anataka salamu."

Waombolezaji walipotawanyika siku ile na viti kurudishwa, Ruben aliishusha Peugeot, akatandika kartoni yake kama kawaida. Asubuhi akakuta tone ambalo hakulijua. Lilikuwa nyuma, karibu na gurudumu la kushoto, jembamba na la rangi ya chai. Mafuta ya breki.

Akaingia chini, akatafuta. Mkanda wa kufungia motokari juu ya kamyo ulikuwa umelikaba bomba la breki. Kamyo ya matofali ina springi za kubeba tani. Ikipewa mzigo mwepesi inarukaruka, na kila iliporuka mkanda ulilisaga bomba. Hiyo ilikuwa mitaa michache tu. Ruben alikaa kando ya gurudumu, akapiga hesabu ya safari nzima mpaka Kolwezi.

Dieumerci alikuja kuona, naye hakukata tamaa. Alisema watafunga kwa namna nyingine, wataweka magodoro. Akarudia neno lake kwamba mzee hubebwa.

Hapo Ruben akamjibu neno ambalo sasa linazunguka karakana zote za Annexe: "Benye banabebwaka ni babili tu, mutoto na maiti. Hii haiko mutoto."

Siku hiyo hiyo simu ikapigwa kutoka Kolwezi. Habari za kilio zilikuwa zimefika kabla ya kitu chochote. Kangwa Kalaba, mwana mkubwa wa Mama Agnès na baba wa bibi arusi, alikuwa ameambiwa kwanza kwamba mama yake amekufa. Baadaye akaambiwa hapana, mama ni mzima, iliyokufa ni motokari. Alilia, akacheka, akalia tena. Alipotulia, akazungumza na Ruben kwa adabu, lakini kwa kukaza.

Alimweleza kwamba huko Kolwezi wazee wa pande zote mbili wameshasikia. Motokari iliyokwisha kuliliwa ikifika mgongoni mwa kamyo, imelala, hakuna mama atakayemruhusu binti yake aingie ndani. Watakodi nyingine. Lakini ikiingia uani yenyewe, inanguruma, watu wote wakiitazama, neno litakuwa limekwisha. Exaucée, alisema, hataki motokari ya kukodi. Amekaa chumbani, hataki kula.

Kwa hiyo kamyo ilitoka kwenye mazungumzo. Ikabaki kujua kama Peugeot inaweza.

Ruben hapendi kubahatisha. Alifungua rejeta, akaitoa matope ya miaka. Alibadilisha bomba la breki, mkanda wa feni na mipira ya maji. Aliipeleka Kasapa, akarudi. Aliipeleka Kipushi, akarudi. Kila aliporudi, kartoni.

Jaribio la mwisho lilikuwa la ajabu, na waliomwona walidhani amechanganyikiwa. Jumatatu mchana, katika jua hili la Oktoba, aliichukua barabara ya Kasumbalesa, akaenda mpaka alipokutana na mstari wa makamyo yanayosubiri kuvuka mpaka wa Zambia. Akajiingiza nyuma yake makusudi. Motokari nyingine ndogo zilimpita zikimpigia honi. Yeye alibaki pale, anasogea hatua, anasimama, anasogea tena.

Anaeleza kwamba motokari ikikimbia, upepo huipoza. Mahali pa kuijua ni penye foleni, pasipo na upepo, jua likiwa juu na kamyo ikikutemea moshi usoni. Sindano ya joto ilipanda. Ruben akafungua vioo vyote, akawasha hita.

Ndiyo, hita. Joto la injini likapata njia ya kutokea, likamjia yeye. Shati lilimganda mwilini. Mwanamke mmoja mbadilisha pesa, aliyekuja dirishani kumwuliza kama anataka kwacha, aliweka mkono ndani akautoa haraka. Alimwuliza: "Papa, muko munajipika na nani?"

Ruben akamwambia anampika mzee huyu, Peugeot, ili asipikike safarini. Mwanamke akaenda kuwaita wenzake waje waone. Sindano ikashuka, ikasimama pale alipotaka, haikutikisika tena. Ruben akageuza motokari akarudi mjini, ameloa, akipiga mluzi.

Jioni ile alimwambia Mama Agnès: itakwenda kwa magurudumu. Alhamisi asubuhi ataondoka na kulala Likasi kwa ndugu. Ijumaa ataingia Kolwezi mchana kweupe, wakati watu wako nje. Mama Agnès alisema sawa, akaendelea kuchambua maharagwe. Lakini majirani wanasema baadaye walimsikia akiimba.

Dieumerci amekuja asubuhi hii kuaga. Ameleta pendekezo la mwisho, na kusema kweli si la kipumbavu. Atafuata nyuma na kamyo tupu, bila malipo, tu kwa usalama. Ikitokea kitu, yuko hapo.

Ruben anafikiri. Anaifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Mugonjwa anaenda hospitali, weye unamufuata na sanduku ya maiti," anasema mwishowe. "Ataona namna gani?"

Dieumerci anacheka mpaka anainama. Wanapatana kwamba atabaki Lubumbashi na simu yake wazi, na kwamba asipopigiwa mpaka Jumapili atamnunulia Ruben bia. Kisha yeye mwenyewe anasaidia kupanga vyombo katika buti: madumu ya maji, mkanda wa akiba, pampu ya petroli, waya, sabuni ya kuzibia tangi likitoboka, na pembetatu nyekundu ya kuweka barabarani. Matawi hapana. Juu ya kioo Ruben amefunga wavu mwembamba wa kuku, aliouokota na kuunyosha, wenye nafasi ya macho ya dereva. Atauvua akiikaribia Kolwezi.

Mama Léa ameacha makala yake na yuko getini. Anaukagua wavu, anauliza kama sasa Peugeot inakwenda kutaga. Ruben anamwambia ikitaga atamletea yai.

Ukimwuliza Ruben anataka nini baada ya safari hii, hana maneno mengi. Anataka shimo. Fundi wa motokari za zamani anahitaji shimo la saruji la kusimama chini ya motokari, mgongo wake uache kulala ardhini. Anajua mahali, nyuma ya nyumba yake, ameshapima kwa kamba. Kolwezi na Likasi kuna watu wenye motokari za baba zao zimefunikwa maturubai, hawajui wampelekee nani. Watu hao watakuwa arusini, au ndugu zao watakuwapo. Wataona.

"Sitasema kintu," anasema. "Itasema yenyewe, ikifika."

Injini imewaka mara moja, bila kukohoa. Ruben anaiacha ipate joto huku akizunguka, akisikiliza kila upande. Begi la Mama Agnès liko chini, kando ya mlango wa nyumba, limefungwa kwa kamba. Yeye anakwenda kwa basi. Watoto walishamlipia kiti. Ndivyo alivyotaka, na hakuna aliyethubutu kumwuliza sababu.

Ruben anapitisha mkono dirishani, anazima, anasimama. Anamtazama mama huyo, ambaye amevaa kitenge cha arusi tayari na kiatu cha kanisani. Kuna jambo moja alilokuwa analichelewesha tangu Jumatatu, na majirani waliokaa ukutani wanaliona likimjia usoni.

Papa Alexis alipokuwa akimpeleka binti, hakwenda peke yake. Kiti cha kando yake kilikuwa cha mkewe, kila arusi, na ni yeye aliyeshuka kwanza na kumfungulia bibi arusi mlango. Motokari inayoingia uani na fundi peke yake ni motokari iliyoletwa, kama vile inavyoletwa sementi. Inayoingia na mama wa nyumba imekuja. Wazee wa Kolwezi watajua tofauti kabla injini haijazimwa.

Ruben anawasha tena. Anakwenda upande wa kulia, anafungua mlango wa mbele, anakipangusa kiti kwa mkono wake mtupu.

"Mama," anasema, kwa sauti ya chini, "ile basi ya Kolwezi waiache iende. Mukuye muikale mbele."

Dieumerci anatazama chini.

Mama Agnès anakitazama kiti, anautazama usukani, anaitazama barabara nje ya geti. Anafungua kitambaa chake cha kichwa, anakifunga upya, polepole, fundo juu ya fundo. Ruben hazimi injini, wala hafungi mlango.